Sabufa Katika Pikapu la Marehemu Baba

Kwa wiki tatu nilikuwa mwanamke mwenye muziki mkubwa kuliko wote Kibosho, na katika wiki hizohizo mama yangu magoti yalimuuma mpaka akawa anapanda ngazi mbili za jikoni kwa kushika ukuta. Sikuona uhusiano wowote. Nilimnunulia dawa ya kuchua, nikamwambia ni baridi ya mvua za vuli, kisha nikaongeza sauti.

Pikapu lenyewe lilikuwa la marehemu baba. Limenizidi umri, na nikikumbuka lilivyokuwa likitunzwa, nadhani limenizidi hata kupendwa. Mlango wa abiria hufunguka kwa ndani tu. Kioo cha dereva hupandishwa kwa viganja viwili. Mshale wa mafuta umesimama kwenye robo tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo kwa mujibu wa dashibodi hatujawahi kuishiwa mafuta. Baba alilinunua kwa kahawa, enzi hizo kahawa ikiwa bado inaweza kumnunulia mtu kitu. Alipofariki, kaka yangu alirudi Dar kwenye kazi yake ya maana, na mimi, mtoto wa mwisho, fundi cherehani mwenye kibanda Soweto ya Moshi mjini, nikabaki nyumbani na mama, ng'ombe mmoja na pikapu.

Hapa lazima nieleze jinsi gari hili lilivyokuwa likiwaka, kwa sababu watu wa tambarare hawajui mambo haya. Kwetu ufunguo haukuwa wa kuwashia gari. Baba alikuwa akiliegesha pua ikitazama Moshi mjini na mkia ukitazama kilele cha Kibo, na ole wake mgeni atakayeziba njia. Asubuhi alizungusha ufunguo kidogo tu, mpaka taa nyekundu ya dashibodi ionekane, akaachia breki ya mkono. Gari liliteleza kimya, likapita jikoni, likapita zizi, likapita mimea ya masale ya mpakani, na lilipofika konani kwenye mparachichi wa jirani, baba alitia gia ya pili na kuachia klachi. Lilishtuka, likakohoa, likawaka. Muda wote huo mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Likiwaka, alirudi ndani. Lisipowaka, aliweka mwiko chini na kushuka kusukuma.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mama halipendi lile gari, ndiyo maana analichunguza namna ile.

Baba alipoondoka nilirithi utaratibu wote kama ulivyokuwa: taa nyekundu, breki, jikoni, zizi, masale, mparachichi. Mjini nilikuwa na kijimteremko changu kando ya mfereji, na nilikuwa radhi kugombana na mtu yeyote aliyeegesha pale. Wateja walidhani napenda kivuli. Kwa miaka miwili baada ya msiba sikuwahi hata mara moja kupiga stata, na sikuona kama nina tatizo. Gari lilikuwa linawaka kila siku kwa neema ya Mungu na mteremko.

Mwezi wa kumi na moja kaka akapiga simu. Nilikuwa nimeweka sauti ya nje ili mama naye asikie, na mama alikuwa anachambua maharage.

"Krismasi nikija tukae kikao kuhusu hilo pikapu," kaka alisema. "Nimeshapata watu wa chuma chakavu, wako tayari kulichukua. Mama anahitaji kupanda gari la watu."

"Kwani hili ni gari la nani, kaka?"

"Mdogo wangu, tuwe wakweli. Halina hata redio."

Simu ilipokatika mama aliendelea na maharage yake kwa muda, halafu akasema, "Gari hiyo isiuzwe."

"Mwambie, mama. Wewe ndiye mama yake."

"Mimi atanibembeleza. Atasema ndiyo mama, sawa mama, halafu atauza. Wewe ndiye unayejua kugombana."

Nilikubali sifa hiyo. Ni kweli kaka akishika neno kwenye kikao cha Desemba, akiwa amesimama na funguo zake mkononi, ukoo mzima hukubali kwa kichwa. Kwa hiyo nilikuwa na mwezi mmoja wa kuonyesha kwamba pikapu ni gari zima. Mtu mwenye busara angeanza na mlango wa abiria. Angefuata breki, tairi, labda ule mshale wa mafuta. Mimi, niliyejaliwa akili nyingi, nilikuwa nimesikia neno moja tu, redio. Nikaamua kwamba kama shida ni redio, basi kaka ataipata redio mpaka aombe ipunguzwe.

Sabufa niliipata Bomang'ombe siku ya soko, pamoja na amplifaya na spika nne. Muuzaji aliniapia kwamba gari vilikotoka halikupata ajali, ila lilipumzishwa. Nilivipeleka kwa fundi umeme wa magari mtaa wa Njoro, kijana mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alilizunguka pikapu mara mbili, akafungua boneti, akaitazama injini kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu.

"Sista," alisema, "hii amplifaya inakula umeme kama harusi inavyokula nyama. Na hii altaneta yako ya kuchaji betri ni ya enzi zile, inatosha taa, honi na wipa. Tukiifunga hivihivi utakuwa unatoa kwenye betri kuliko unavyorudisha."

Alinieleza vizuri, sina cha kumlaumu. Waya wa kutoka kwenye betri uwe mnene, na fyuzi ikae karibu na betri, ili waya ukichunika popote njiani fyuzi ikatike kabla gari halijashika moto. Ule wa hasi ufungwe kwenye chuma kitupu, kilichokwanguliwa rangi. Hayo niliyaelewa mara moja, maana hata mimi sishoni jinzi kwa uzi wa kupigia bandi. Waya mnene nikanunua. Aliposema altaneta kubwa zaidi na betri mpya, hapo masikio yangu yakaziba. Betri haionekani wala haisikiki. Hakuna kaka anayetoka Dar akaanza kusifia betri.

"Hii uliyo nayo inawasha gari vizuri?" aliniuliza.

"Kila asubuhi linawaka," nikamjibu.

"Hata siku za baridi?"

"Hata siku za baridi."

Kila neno lilikuwa kweli tupu, ningeweza kuapa mbele ya padre. Sikutaja tu kwamba anayewasha ni mlima. Kijana wa watu alikulia Njoro kwenye tambarare, angejuaje kuuliza swali hilo? Akasema basi betri ni nzima, akafunga vitu vyake. Jioni alipotaka niondoke nilimwambia stata inashikashika, na yeye na wenzake wawili wakanisukuma mpaka barabarani. Wakati gari linawaka alikimbia pembeni yangu akipiga kelele kwamba nisije nikapiga muziki injini ikiwa imezimwa. Nilimwitikia kwa kichwa, kama wateja wangu wanavyoniitikia ninapowaambia wasinenepe kabla ya harusi.

Nilipanda Kibosho nikiwa malkia. Kila besi ilipogonga, taa za mbele zilififia na kurudi, zikafifia na kurudi, na mimi nikadhani ni urembo umekuja bure pamoja na sabufa. Mbuzi walikata kamba. Konani kwenye mparachichi nilimkuta mzee jirani amesimama na fimbo yake, nikapunguza sauti nimsalimie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kampeni zimeanza tena?"

Mama naye alitoka jikoni, akalisikiliza gari kwa makini, kichwa amekiinamisha upande.

"Inapiga kelele," alisema.

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Na ikiwaka itasikika?"

Lilionekana swali la kizee. "Mama, hii itasikika mpaka Bomang'ombe!" nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi niliweka nyimbo za kwaya kwa heshima yake, nikafungua sauti palepale uani kabla ya kuachia breki. Nilipita jikoni nikimpungia mkono na yeye akinipungia mwiko. Kona niliikata katikati ya ubeti wa pili, sauti za besi zikitikisa migomba ya watu. Desemba ni mwezi wa kushona magauni ya Krismasi, kwa hiyo nilishuka mjini kila siku ya kazi bila kukosa na kurudi jioni nimechoka. Nikirudi nilikuta viatu vya plastiki vya mama vimejaa tope jekundu. Nikamsema kwa kwenda shambani kwenye mvua na magoti yale. Alininyooshea mguu tu. Nikamchua dawa, nikimweleza namna wazee wasivyosikia.

Kaka aliingia siku mbili kabla ya Krismasi na mkewe na watoto, ndani ya gari jeupe linaloenda lenyewe bila klachi. Gari hilo ni kimya kiasi kwamba usipoligusa hujui kama limewaka. Aliliegesha kama watu wa Dar wanavyoegesha, pua juu, mbele kabisa ya pikapu. Nilimsalimia shikamoo, nikapokea mizigo, kisha nikawasha redio kana kwamba nimeigusa kwa bahati mbaya.

Nimewahi kufurahi maishani, lakini si kama mchana wa mkesha wa Krismasi ile. Mbuzi alikuwa anachunwa, wanawake tunamenya ndizi za kupikia machalari, watoto wa kaka wamejaa nyuma ya pikapu wakicheza, na muziki unapiga tangu asubuhi mpaka ng'ombe anakamuliwa. Injini ilikuwa imezimwa. Nani aunguze mafuta kwa gari lililosimama? Hata kaka, na kisu chake cha nyama, alitikisa bega moja.

"Kumbe bado lina uhai," alisema.

Nilimtazama mama, mama akanitazama. Nikajihesabia kwamba kikao nimeshakishinda na kilichobaki ni sala ya kufunga.

Asubuhi ya Krismasi mama alivaa kitenge nilichomshonea, nikamfungulia mlango kwa ndani, akaketi kwa taabu na kupangusa vumbi lisilokuwepo kwenye dashibodi. Tulikubaliana kwamba pikapu litatangulia kanisani na gari jeupe litafuata. Ila gari jeupe lilikuwa bado limeziba njia.

"Washa kwanza tukuone," kaka alisema, amejiegemeza kwenye boneti yake na suti yake.

Ulikuwa mtihani ambao betri ile haikuwahi kufanyishwa na mtu yeyote wa nyumba yetu. Nilizungusha ufunguo. Pakasikika tk, mara moja. Nikazungusha tena, hata hiyo tk haikuja. Taa nyekundu, ile ambayo baba alianza nayo kila siku ya maisha yake, haikuonekana kabisa. Kaka hakucheka. Aliingia kwenye gari lake akalisogeza taratibu, kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi, akanipisha mteremko.

Sikuwa na wasiwasi sana, maana mlima ulikuwa palepale. Niliachia breki. Jikoni, zizi, masale. Konani nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Gari lilishtuka na injini ikazunguka, lakini haikukohoa hata kidogo. Nikarudia mara mbili zaidi huku tunateremka, matokeo ni yaleyale. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho baba hakuwahi kupata sababu ya kunifundisha. Mlima unaweza kuzungusha injini, lakini cheche hutoka kwenye betri, na cheche zetu zote zilikuwa zimeshachezwa jana nyuma ya pikapu. Breki zilikuwa ngumu kama mawe. Kanisa liko chini na barabara inaelekea huko, basi tukaendelea kuteleza, bila injini wala kwaya, na gari jeupe nyuma yetu. Zilisikika tairi tu, na pumzi ya mama.

"Haijawaka," mama alisema.

"Najua, mama."

"Leo angalau na mimi najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Kama imewaka au haijawaka. Wiki tatu hizi sijui. Unapita na nyimbo zako, nasikia nyimbo, gari siisikii. Baba yako alipokuwa anashuka niliisikia pale kwenye mparachichi, nikasema haya, ameenda salama, nikarudi kwenye sufuria zangu. Na wewe hivyohivyo. Sasa siku hizi inabidi nishuke mwenyewe mpaka pale, nitazame kama hujakwama."

"Kila siku?"

"Jumapili hapana," alisema. "Jumapili tunakwenda wote."

Nilishika usukani kwa mikono miwili, sikuweza kumtazama. Tope lile jekundu, zile ngazi mbili za jikoni, ile dawa niliyomchua nikimhubiria. Alishuka mteremko ule na kuupanda kila siku kwa wiki tatu, na miguu ile, kwa sababu mimi nilitaka kaka asikie redio. Niliomba msamaha. Akasema nitazame barabara.

Tuliingia uwanja wa kanisa kimya kama wezi. Mzee jirani, aliyetangulia kwa miguu, aliniambia anashukuru leo nimeliheshimu kanisa. Baada ya misa kaka alileta nyaya za kubusti betri, zikiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, akaunganisha gari lake na la baba mbele ya parokia nzima. Pikapu likakohoa na kuwaka. Kaka aliwatakia watu wote Krismasi njema, wengine mara mbili.

Kikao kilikaa kesho yake sebuleni. Kaka alisimama na funguo zake mkononi, akaeleza kwa upole kwamba usalama wa mama ndio wa kwanza, na kwamba sote tumeona wenyewe kilichotokea. Mimi ndiye niliyetegemewa kugombana. Nilisimama nikakiri yote, betri, fundi wa Njoro, stata ambayo hata sijui kama ni mbovu. Nikasema kosa si la gari. Maneno hayo hayakumtikisa mtu. Kaka akasema basi, kama hakuna mwingine mwenye neno.

Mama akasema yupo.

"Jana mchana ulipokwenda kwa wakwe zako," alimwambia kaka, "nilikuletea chai uani, sijui kama umeshaondoka. Nikakuta nyasi tu. Gari yako haisemi, baba. Inakuja, inaondoka, mimi sina habari. Hii ikipita pale kwenye mparachichi najua mwanangu ameenda kazini. Miaka yote nimejua hivyo. Ukiiuza nitajuaje? Nitashuka tena?"

Akapandisha kitenge kidogo, akatuonyesha magoti. Yalikuwa yamevimba kama viazi. Kaka aliyatazama, kisha akanitazama mimi, na sikuwa na pa kuficha uso. Aliweka funguo mfukoni, akakaa. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, betri inayotakiwa ni ya ukubwa gani.

Amplifaya ilirudi Bomang'ombe, ambako nina hakika sasa hivi inaelezwa kwamba gari ilikotoka lilipumzishwa. Fundi wa Njoro alifunga betri mpya na altaneta iliyofufuliwa, akaniuliza mara tatu kwa nini sikumwambia habari za mlima, na mara zote tatu nilijifanya natafuta chenji. Nimebakiwa na redio na spika mbili za milangoni. Gari linawaka kwa ufunguo mara moja, popote, hata likiwa limetazama Kibo. Boksi la sabufa lilikosa mnunuzi, mama akaliomba. Limekaa mlangoni pa jikoni na mto juu yake, kimo chake kinayafaa magoti yake.

Bado naegesha pua ikitazama mjini. Asubuhi nazungusha ufunguo mpaka taa nyekundu ionekane, redio nimeizima, naachia breki. Jikoni, zizi, masale. Juzi mzee jirani alinipa pole kwa kufiwa na muziki, nikamshukuru. Kwenye mparachichi natia gia ya pili na kuachia klachi, gari linashtuka, linakohoa, linawaka. Kona inaficha jikoni, kwa hiyo mama simwoni, lakini najua ameinuka kwenye boksi lake na kurudi kwenye sufuria.